Afya ya Wazazi Kabla ya Mimba, na Asili ya Hali ya Down

Azaliwapo mtoto ambaye macho yake yameinuka kidogo pembeni, uso wake ni bapa, na viungo vyake vimelegea mikononi mwa mkunga, nyumba huingiwa na kimya. Bibi mzaa baba huuliza habari za ukoo wa mkwewe. Majirani hukumbuka maneno yaliyosemwa siku ya harusi. Mume, asiyejua la kusema, huanza kuhesabu miezi. Hatimaye swali moja hutoka, ama kwa sauti ama moyoni: Ni nani aliyekosa?

Swali hili huulizwa Mwanza mjini na visiwani Ukerewe, huulizwa Magu, Sengerema na Geita, na pande zote za ziwa letu. Yafaa lijibiwe waziwazi, kwa kuwa wako wanawake waliorudishwa kwao kwa ajili yake, na wako watoto waliofichwa chumba cha ndani hata majirani wasijue kama wamezaliwa.

Jibu lina sehemu mbili, wala zisichanganywe. Sehemu ya kwanza ni hii: hali ya Down haitokani na kosa la baba wala la mama. Sehemu ya pili ni kwamba afya ya wazazi kabla ya mimba ni jambo kubwa kweli, nayo huwakinga watoto na madhara mengine mengi. Mtu akizichanganya sehemu hizi hupotea mara mbili. Humlaumu mama kwa neno asiloweza kulizuia, kisha huyapuuza yale ambayo yeye na mumewe wangeweza kuyazuia.

ASILI YA HALI HII

Jina hili latokana na daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeandika habari za watoto wa namna hii mwaka 1866. Aliyaeleza maumbile yao, lakini asili ya hali yao hakuijua. Ilipita miaka zaidi ya 90 kabla haijafahamika. Mwaka 1959, katika mji wa Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walitangaza yale waliyoyaona kwa hadubini katika chembe za watoto hao.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizohesabika. Ndani ya kila chembe mna nyuzi ziitwazo kromosomu, nazo ndizo zichukuazo maagizo ya maumbile: rangi ya macho, kimo, na mengine yote tunayorithi. Nyuzi hizo ni 46, nazo zimepangwa jozi 23. Wakati wa uzazi, yai la mama hubaki na nyuzi 23, moja kutoka kila jozi, na mbegu ya baba vivyo hivyo. Zikutanapo, hesabu hutimia tena 46. Lakini mara nyingine, wakati wa kugawanyika, nyuzi mbili za jozi ya 21 hukataa kuachana, zote mbili zikaingia katika yai moja. Yai hilo likikutana na mbegu ya baba, mtoto hupata nyuzi tatu za namba 21 badala ya mbili, na jumla yake ni 47. Huo uzi mmoja uliozidi ndio asili ya hali ya Down.

Mkulima apandaye mahindi atafahamu upesi. Atembea shambani akitupa punje moja moja katika kila shimo. Mara punje mbili zilizoshikana zaanguka pamoja, naye hajui mpaka miche ichipue. Hakupanda kwa uvivu wala kwa nia mbaya. Ndivyo ilivyo katika mwili wa mama, mahali ambapo jicho halioni wala mkono haufiki.

Katika watoto 100 wenye hali hii, karibu 95 wameipata kwa njia hiyo. Wachache, kama 3 au 4, wana uzi wa 21 ulioungana na uzi mwingine. Na katika hao wachache, mara nyingine baba au mama huwa ameuchukua uzi wa namna hiyo bila kujua, naye mwenyewe ni mzima kabisa. Waliosalia wana chembe za namna mbili, baadhi zenye nyuzi 46 na baadhi zenye 47. Kwa hiyo mzazi aliyekwisha kupata mtoto mmoja mwenye hali hii, naye apenda kujua habari za mimba zijazo, na amwulize daktari. Mara nyingi jibu litamtuliza.

Hali hii haichagui taifa. Zamani waganga wengi wa Ulaya walidhani kwamba katika Afrika ni adimu. Lakini hesabu ya watoto waliozaliwa Ibadan, nchi ya Nijeria, iliyotangazwa mwaka 1982, ilionyesha mtoto 1 katika kila 865, karibu sawa na nchi nyingine za dunia. Watoto walikuwapo siku zote, ila wengi walikufa mapema au walifichwa.

UMRI WA MAMA

Jambo moja lajulikana kuongeza uwezekano wa hali hii, nalo ni umri wa mama. Mayai ya mwanamke huumbwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Huanza kugawanyika wakati huo, kisha husimama katikati ya kazi na kungoja miaka 20, 30, au 40, mpaka zamu ya kila moja ifike. Yai lililongoja muda mrefu huelekea zaidi kukosea katika kugawanyika.

Kwa mama wa miaka 20, hesabu ni kama mtoto 1 katika 1,500. Kwa mama wa miaka 30 ni kama 1 katika 900; wa miaka 35, kama 1 katika 350; wa miaka 40, kama 1 katika 100; na wa miaka 45, kama 1 katika 30. Msomaji na azitazame hesabu hizi pande zote mbili. Ni kweli kwamba hupanda pamoja na umri. Lakini hata katika miaka 40, akina mama 99 katika 100 huzaa watoto wasio na hali hii. Tena, kwa kuwa wanawake vijana ndio wazaao watoto wengi, watoto wengi wenye hali ya Down huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35. Basi mtu asimwambie mama wa miaka 24, "Wewe u kijana, lazima pana jambo ulilofanya." Hakuna alilofanya.

Wala baba asidhani kwamba yeye hahusiki kamwe. Uzi uliozidi hutoka mara nyingi katika yai la mama, yaani kama mara 9 katika 10. Lakini mara nyingine hutoka katika mbegu ya baba. Mume amfukuzaye mkewe kwa sababu hii huenda anamfukuza kwa neno lililotoka katika mwili wake mwenyewe. Na hata lisipotoka kwake, mkewe hana hatia zaidi yake.

YASIYO SABABU

Hali ya Down haitokani na uchawi, wala kijicho, wala laana ya wazee. Haitokani na mahari isiyokwisha kulipwa. Haitokani na mama kumcheka mlemavu njiani, wala kula mayai au samaki wa namna fulani, wala kufanya kazi shambani. Haitokani na uzinzi wa mke wala wa mume. Wala hakuna dawa ya kienyeji, sindano, kidonge au chakula kilichothibitishwa kuizuia, na mtu auzaye dawa ya namna hiyo achukua fedha za watu bure.

Wasomaji wa Injili ya Yohana, sura ya 9, wanakumbuka habari za yule aliyezaliwa kipofu. Swali lililoulizwa siku ile ndilo lile lile liulizwalo katika nyumba zetu, na jibu lilimwondolea hatia yeye na wazazi wake pia. Inashangaza kwamba mtu aweza kuisoma sura hiyo asubuhi, na jioni akaenda kumnong'onezea jirani habari za mkwe wake.

YALIYO MIKONONI MWETU

Sasa twageukia sehemu ya pili. Yako madhara ya watoto ambayo asili yake yajulikana na kinga yake ipo, nayo kinga hiyo huanza kabla mimba haijaingia. Katika mambo haya Mwanza yenyewe imeifundisha dunia.

La kwanza ni kaswende. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wa Mwanza. Yalionyesha kwamba kwa wanawake ambao hawakupimwa ugonjwa huu wakati wa mimba, nusu ya watoto waliozaliwa wafu, yaani 51 katika 100, walikufa kwa sababu ya kaswende ya mama. Tena katika watoto waliozaliwa hai kabla ya siku zao, karibu robo walizaliwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Walipowatazama wanawake waliopimwa wakachomwa sindano moja ya penisilini, hawakuona tofauti kati ya mimba zao na za wanawake wasio na ugonjwa. Fikirini, ndugu wasomaji: ni makaburi mangapi ya watoto yaliyochimbwa kando ya ziwa hili, watu wakamtafuta mchawi, na kumbe sindano moja ingalitosha! Kaswende yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Kwa hiyo mume na mke waende wote wawili wakapimwe, pamoja na virusi vya UKIMWI, kabla ya kutafuta mtoto. Akitibiwa mke peke yake, naye mume akabaki nao, ugonjwa utarudi nyumbani kwa mlango ule ule.

La pili ni asidi ya foliki, ambayo ni vitamini. Mfereji uwao ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungwa katika siku 28 za kwanza za mimba, na mama wengi wakati huo hawajajua kama wamechukua mimba. Usipofungika vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa chake hujaa maji na kukua kupita kiasi. Uchunguzi wa mataifa 7, uliotangazwa mwaka 1991, ulihusu wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hii. Nao ulionyesha kwamba asidi ya foliki ikitumiwa kabla ya mimba huzuia karibu robo tatu ya madhara hayo yasirudi. Mama anayetarajia kupata mimba apaswa kupata miligramu 0.4 kila siku, tangu mwezi mmoja kabla ya mimba hata mwisho wa mwezi wa tatu. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, nacho hupewa na daktari.

Hapa ndipo wengi wachelewapo. Mama huenda kliniki mimba ikiwa ya miezi minne au mitano, akapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki. Vidonge hivyo vyamfaa sana kwa damu yake, lakini mgongo wa mtoto umekwisha kufungwa au kutofungwa zamani. Mwaka 2011 Tanzania iliweka kanuni za kutia foliki na madini katika unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani. Lakini nyumba nyingi za pwani ya ziwa husaga mahindi yao katika mashine ya kijijini, au hula ugali wa udaga, nao haukutiwa kitu. Basi bustani na isaidie: mchicha, majani ya kunde, maharage na karanga vina foliki, ingawa vidonge ndivyo vya kutegemewa zaidi. Bibi arusi na aviulize zahanati mwezi ule ule wa harusi, asingoje kichefuchefu.

La tatu ni selimundu. Katika hospitali ya Bugando, ile iliyo kilimani juu ya mji wa Mwanza, ilipimwa damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa 9 ya kaskazini magharibi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Mtoto 1 katika kila 5 alikuwa amerithi selimundu kwa mzazi mmoja, na watoto kama 12 katika kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Aliyerithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida hana shida, naye hupata hata kinga kidogo ya malaria, na ndiyo maana urithi huu ni mwingi kando ya ziwa. Lakini wakioana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina sehemu moja katika nne ya kumleta mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kabla ya ndoa huwaonyesha wachumba hali yao. Haifai kukigeuza kuwa neno la kuwaaibisha watu. Kazi yake ni kuwapa maarifa ya kuamua, na mtoto akizaliwa na ugonjwa, atunzwe tangu siku za kwanza.

La nne ni upungufu wa damu, ambao katika nchi yetu una marafiki wengi: malaria, minyoo, na kichocho kipatikanacho katika maji ya ziwa tunakooga, kufua na kuvua. Mwanamke aanzaye mimba akiwa na damu haba huhatarisha maisha yake mwenyewe wakati wa kuzaa. Na atibiwe kichocho mapema, alale katika chandarua chenye dawa, na dagaa wa ziwani wasiuzwe wote mnadani bila kubakizwa wa nyumbani.

La tano ni sumu. Pombe, na hasa gongo, hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Tena katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na kwingineko, zebaki hutumiwa kukamata dhahabu, kisha huchomwa motoni. Moshi wake hauonekani sana, lakini ukivutwa na mwanamke mwenye mimba humfikia mtoto na kuharibu akili yake ingali changa. Zebaki isichomwe jikoni wala karibu na nyumba, na mwanamke anayetarajia mtoto asiishike kamwe.

La sita ni rubela, ugonjwa wa vipele ambao kwa mama ni mdogo, lakini kwa mtoto aliye tumboni huleta upofu, uziwi na ubovu wa moyo. Tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania huchanjwa ugonjwa huu pamoja na surua. Mpelekeni binti mdogo achanjwe; mtakuwa mmekwisha kumkinga mjukuu.

MTOTO AKIISHA ZALIWA

Wazazi waweza kuyatimiza hayo yote, na bado wakajaliwa mtoto mwenye hali ya Down. Hawakushindwa. Walifanya yaliyowapasa, na mtoto wao ana haki ya kupokewa kama ndugu zake.

Mambo machache na wayajue. Mtoto huyu hunyonya polepole kwa sababu misuli ya kinywa chake ni laini. Mama asikate tamaa, amshikilie kichwa na kumnyonyesha mara kwa mara, hata kwa kukamua maziwa na kumlisha kwa kikombe. Karibu nusu yao wana kasoro ya moyo. Kwa hiyo apimwe moyo mapema, kabla midomo haijageuka rangi au pumzi haijawa fupi. Apimwe pia masikio, macho, na tezi ya shingoni. Chanjo zake ni zile zile za watoto wote. Katika Marekani, mwaka 1983, watu wenye hali hii waliishi kwa wastani miaka kama 25. Siku hizi huishi hata kama miaka 60. Uzi wa 21 haukubadilika katika muda huo. Yaliyobadilika ni matibabu ya moyo, na kwamba watu waliacha kuwafungia ndani.

Neno moja kwa waalimu. Mtoto huyu atatembea kwa kuchelewa, na kusema kwa kuchelewa zaidi, lakini atajifunza. Huelewa zaidi kwa yale ayaonayo kuliko kwa yale ayasikiayo. Basi mwonyeshe kitu chenyewe, au picha, na kazi uigawe vipande vidogo, ukiirudia bila hasira. Katika mazoezi ya mwili asipinduliwe kichwa chini, maana shingo yake ni dhaifu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa haki ya kusoma kama wenzake. Mwalimu mkuu amkataaye mlangoni hana sheria upande wake. Na watoto wa darasa humtazama mwalimu: akimwita mwenzao kwa jina lake, nao watamwita hivyo, akimwita kwa jina la ulemavu wake, watalichukua jina hilo mpaka kisimani.

Kila mwaka, tarehe 21 Machi, mataifa huikumbuka hali hii. Umoja wa Mataifa huiadhimisha siku hiyo tangu 2012. Tarehe yenyewe ni fumbo jepesi: mwezi wa 3, siku ya 21, yaani nyuzi tatu za namba 21. Waalimu waweza kuitumia siku hiyo kufundisha somo la urithi, na wazazi waweza kumleta mtoto wao katikati ya watu mchana, amevaa nguo nzuri.

Basi mama na ahudhurie zahanati kabla ya mimba, na baba aende pamoja naye. Na siku atakapozaliwa mtoto ambaye uso wake ni wa namna ya pekee, bibi mzaa baba na awe wa kwanza kumpokea mikononi na kumpa jina. Wengine wote nyumbani watamfuata yeye.